Siku Homa Iliposhuka

Nianze kwa kukiri kwamba yule nesi sikumpenda. Siku tuliyolazwa aliingia wodini, akanipita bila hata salamu, akaenda moja kwa moja kumshika mjukuu wangu nyayo za miguu. Akazishika kwa muda, akaminya ukucha wa kidole gumba, akauachia, akatazama rangi ikirudi. Ndipo akanigeukia na kusema, "Habari, nyanya." Kwetu tumefunzwa kwamba salamu ni kabla ya kila kitu, hata kama nyumba inaungua. Nikamjibu nusunusu, nikajivuta kwenye kiti cha plastiki na kununa.

Mjukuu wangu ana miaka saba. Mama yake ni binti yangu, mwalimu kule Rukanga chini ya mlima Kasigau, na mtoto anakaa nami Voi kwa ajili ya shule na chuo cha Kurani. Alinikabidhi mtoto akiwa na miaka minne. Aliniambia, "Mama, huyu namwacha kwako kwa sababu nakuamini," na tangu siku hiyo huja kila Ijumaa na kurudi Jumapili. Mimi nina duka la leso na viungo karibu na soko, na nilikuwa nikijitapa kwa wateja kwamba mtoto wangu hajui homa wala mafua, kwa sababu analelewa na mtu anayejua kulea. Kiburi hicho nusura kiniulie mtoto.

Homa ilianza Jumatatu. Alirudi kutoka shule akasema macho yanamuuma, tena si kwa juu, kwa ndani, huku nyuma. Mwili moto, viungo vyote vinamuuma, anashika kiuno kama kizee. Kesho yake nikampeleka zahanati, wakamtoboa kidole, wakasema hana malaria. Nikawaambia wapime tena. Wakapima, hakuna. Nimeishi Voi tangu niolewe, na kwangu mimi homa ilikuwa malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nikatoka pale nikilalama kwamba vijana wa siku hizi hawajui kuangalia darubini.

Alhamisi asubuhi alipiga mswaki, fizi zikatoa damu. Akanywa chai, akaitapika yote. Tumbo likamuuma upande wa kulia chini ya mbavu, ukimgusa anaruka. Kwenye mikono nikaona vidoa vyekundu vidogo mfano wa vichwa vya pini, ukivibonyeza havipotei. Hapo nikafyata ulimi. Nilifunga duka, nikambeba, tukaenda hospitali.

Yule wa maabara alikuwa Mkamba mpole wa makamo, mwenye vidole virefu. Alimtoa mtoto damu kabla mtoto hajaamua kama alie au asilie. Mimi si mtu wa kungoja nilikoambiwa ningoje, nikamfuata mpaka dirishani pake. Mashine ilimpa hesabu kwenye karatasi, akaitazama, akatikisa kichwa, akapaka tone la damu kwenye kioo na kuanza kuhesabu mwenyewe kwa darubini, huku kidole kikibonyeza kidude cha kuhesabia. Nikamuuliza mashine ina kazi gani basi.

"Mama, damu ikiganda kidogo tu, mashine inadanganya," akasema bila kuinua kichwa. "Hizi natafuta ni ndogo sana, na ndizo zinazuia mtoto asitokwe na damu. Heri nizione na macho."

Alihesabu, akarudia, akahesabu mara ya tatu. Zilikuwa chache. Na zile chembe nyeupe za kupigana na maradhi nazo zilikuwa zimeshuka. Kipimo kingine, kile cha kijiti kinachotokeza vijistari, kikatoa jibu: dengue. Marehemu bibi yangu alikuwa akiitaja kidingapopo, na sisi tulidhani ni jina la kututishia watoto tulale mapema. Kumbe ndiyo hiyo hiyo, na mbu wake huuma mchana, huzaa kwenye maji safi ya watu wanaojiona safi.

"Nyanya, kwenu maji mnaweka wapi?" nesi akaniuliza.

"Kwenye mapipa, kama kila mtu Voi. Au kwenu Ronge mfereji haukauki?"

Alitabasamu tu, akaandika. Nilikuwa nimeshamjua kwa lafudhi kwamba ni Mtaita wa huko juu milimani, na nilitaka ajibu ili tugombane vizuri.

Kisha akaja na amri zake. Kila atakachokunywa mtoto kinywewe kwa kikombe chenye mistari, na kiandikwe. Kila atakachokojoa kiingie kwenye jagi, kipimwe, kiandikwe. Dawa ya homa ni ile moja atakayotoa yeye, nyingine yoyote ya maumivu marufuku, zinachokoza kutokwa na damu. Na kitu chochote chekundu au cheusi kisimpite mtoto kooni: soda nyeusi, juisi ya zambarau, chokoleti, bitruti. Alitaja na sababu. Nasema kweli, alitaja, kwa sauti ya wodi nzima kusikia. Lakini mimi nilikuwa nimeshakasirika, na mtu aliyekasirika husikia amri tu, sababu inampita.

Sasa nieleze ilivyo kwetu. Mtoto akilazwa, wageni hawaulizi ana nini. Wanauliza, "Damu yake iko ngapi?" Sisi ni watu wa nchi ya malaria, tumezika watoto waliokwisha damu, weupe viganja kama karatasi. Kwa hivyo kila mwanamke wa hapa ana dawa yake ya kuongeza damu, na yangu mimi ni bitruti. Niliwalea watoto watano kwa bitruti. Alhamisi jioni nilipokwenda nyumbani kuchukua nguo nilipitia sokoni, nikanunua mbili, nikazisaga, nikachuja, nikatia tangawizi na sukari, nikarudi nazo kwenye chupa ya chai ndani ya kikapu, chini ya leso. Nilijiambia kwamba huyo nesi ana umri wa binti yangu wa mwisho, hajui kitu. Nikamnywesha mtoto kikombe kimoja, nesi alipokuwa kitanda cha mbali. Nikamwambia mjukuu wangu, hii ni siri yangu na yako. Naandika haya na aibu inanipanda mpaka masikioni.

Ijumaa asubuhi homa ikashuka. Nilimgusa paji la uso nikalikuta baridi, limelowa jasho, nikasema Alhamdulillahi mara tatu. Nikaanza kukunja nguo. Nesi alipokuja nikamwambia aniitie daktari atuandikie ruhusa, mtoto amepona.

Akamshika nyayo. Akashika mkono, akahesabu mapigo. Akaniambia, "Nyanya, homa ikishuka ndiyo mimi naanza kuogopa."

Nikamwona mtu wa ajabu. Homa ikipanda anaandika, ikishuka anaogopa, sasa huyu anataka nini? Akanieleza kwamba ugonjwa huu hauui kwenye joto, huua siku joto linapoondoka, kwa hivyo siku hiyo hatatoka kando ya kitanda cha mtoto. Na kweli hakutoka. Alikuwa na watoto kumi na wawili mle ndani, na kila baada ya muda utamwona hapo, anaminya ukucha, anapima presha, anatazama jagi. Kuna watu wamejaliwa sauti, wanaimba. Yeye alijaliwa kuangalia. Angeweza kukuambia bila kufungua faili kitanda cha tano amekunywa vikombe vingapi na cha nane amekojoa saa ngapi. Mimi nina duka dogo tu na nasahau nani nimemkatia leso gani.

Saa nne yule wa maabara akaja mwenyewe na karatasi, hakumtuma mtu. Nikamsikia akimsomea nesi: jana ilikuwa asilimia thelathini na sita, leo ni arobaini. Nikaruka. Damu imepanda. Nilijua ni damu, maana hizo nambari wanawake wa Voi tunazijua kuliko nambari zetu za simu. Kwa siku moja tu, kikombe kimoja cha bitruti, kutoka thelathini na sita mpaka arobaini. Nesi hakunitazama, alikuwa ameshakwenda kumwita daktari na kubadilisha chupa ya dripu. Nikasema moyoni, hana uso wa kunitazama, ameumbuka. Na kwa furaha ile nikammiminia mtoto vikombe viwili, kimoja baada ya kingine. Hakutaka, alisema tumbo limejaa. Nikamlazimisha.

Adhana ya Ijumaa ilikuwa imekwisha na watu wanatoka msikitini mtoto alipokaa ghafla, akaniita, "Nyanya," na kutapika. Shuka lote jekundu. Ukuta umerukiwa. Mama mmoja wa kitanda cha pili akafunika uso wa mwanawe asione. Mtoto wangu akaanguka nyuma kwenye mto, midomo imekauka, mikono baridi kama ya mtu aliyeosha samaki wa barafu. Na mlangoni, na mkoba wake wa shule begani, nikamwona binti yangu amesimama. Nilikuwa nimemwambia kwa simu ni kijihoma, aje tu Ijumaa kama kawaida.

Daktari alikuja mbio. Alikuwa kijana, na hakukosea kuona alichoona: mtoto wa dengue, chembe za kugandisha damu zimeshuka, anatapika kitu chekundu. Akasema anavuja damu tumboni, itafutwe damu aongezewe, na gari liandaliwe la kumpeleka Mombasa. Binti yangu alikuwa ameshapiga magoti kando ya kitanda. Mimi nimesimama na kikapu mkononi, chupa ya chai ndani, na hakuna aliyejua ila mimi na mtoto asiyeweza kusema. Nilifikiria jambo moja, na ndilo linaloniumiza mpaka leo: kwamba nikinyamaza, hakuna atakayejua. Marehemu mama yangu alikuwa akisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nililikumbuka, na bado nikanyamaza.

Nesi hakuwa akitazama shuka. Alikuwa ameshika ile karatasi ya maabara, anaitazama, kisha anamtazama mtoto, kisha karatasi. Akaja kwangu. Akanishika mkono, akanivuta kando karibu na dirisha, na akachuchumaa mbele yangu kwa adabu kama mkwe.

"Nyanya, nitakuuliza kitu na sitakasirika. Mtoto amekunywa nini?"

Nikasema, "Bitruti."

"Kiasi gani?"

"Vikombe viwili leo. Kimoja jana."

"Leo saa ngapi?"

"Baada ya saa nne."

Akaandika kwenye chati, vikombe viwili, saa nne, kama anavyoandika maji na uji. Akasema, "Asante, nyanya." Wallahi, angenizaba kofi ningeumia kidogo kuliko ile asante.

Akarudi kwa daktari, akamwambia kwa sauti ya chini. Nikamwona daktari akifumba macho na kuyafumbua. Sifa nimpe: hakubishana, hakujali kwamba aliyemsahihisha ni nesi mbele ya watu. Akauliza tu, "Damu iko ngapi sasa?" Yule Mkamba alikuwa ameshatoa tone kwenye kidole cha mtoto, amelitia kwenye kijineli chembamba cha kioo na kukimbia nalo kwenye kimashine chake kinachozunguka. Alirudi akihema. Arobaini na nne.

Nilidhani sasa watafurahi. Nesi aliniona usoni, akaja kunieleza, mikono yake ikiendelea kufunga mpira wa dripu.

"Uji ukikaa sana motoni unakuwaje?"

"Unakuwa mzito."

"Kwani umeongeza unga?"

Nikasema hapana, maji ndiyo yamekwenda.

"Basi hivyo ndivyo damu yake. Haikuongezeka. Maji yanatoka kwa mishipa, yanaingia tumboni na kifuani, inabaki nzito, moyo unashindwa kusukuma. Angekuwa anavuja damu ingeshuka, lakini hii inapanda. Sasa tungemwongeza damu juu ya hiyo nzito..." Akapima presha. Tisini, na ya chini sabini na tano. Akasema nambari hizo mbili zikikaribiana hivyo, mtoto yuko ukingoni.

Kwa hivyo halikwenda gari wala haikuja damu. Yalikuja maji ya chumvi, na kazi ya kuyatia ilikuwa yake. Yakipungua, moyo unasukuma patupu. Yakizidi, yanamfurika mapafuni. Alikaa na saa yake ya mkononi akihesabu matone, akipunguza, akiongeza, anapima, anaandika, mchana kutwa, mpaka zamu yake ikaisha na mwenzake akaja, na yeye hakuondoka. Binti yangu alimfuta mtoto uso kwa kitambaa. Mimi nilikuwa ukutani nasoma kila dua niliyofunzwa nikiwa mdogo, na nyingine nikizichanganya.

Jua linakaribia kuzama, mtoto akasema anataka kukojoa. Tulimshikilia watatu juu ya jagi. Nesi akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama kama mtu anayetazama nyuzi za kitambaa cha hariri, akasema, "Mia mbili." Na akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Yule mama wa kitanda cha pili akapiga kigelegele kidogo, akajiziba mdomo. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kulia kwa furaha ya mkojo. Nililia.

Jumamosi damu ikateremka mpaka thelathini na tisa, Jumapili ikarudi thelathini na sita, na safari hii nilijua kushuka huko ni heri. Vile vijichembe vya kugandisha damu vikaanza kupanda, na yule Mkamba akaja kutuambia kwa mdomo wake ingawa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Mtoto akawa anajikuna viganja na nyayo, anadai chapati. Binti yangu hakuniuliza lolote. Kwake mimi nilikuwa nyanya aliyemfikisha mtoto hospitali kwa wakati, na aliwaambia hivyo shangazi zake kwenye simu, mimi nikisikia. Kila aliponisifu nilijiona nikipungua kimo.

Jumatatu, siku ya kutoka, nilimkuta nesi peke yake mezani anajaza faili. Nikamwomba radhi. Nikamwambia pia kwamba sielewi alivyoweza kuniuliza kwa upole vile, maana mimi ningekuwa yeye ningeivunja ile chupa juu ya kichwa cha mtu.

Aliweka kalamu chini. Akasema zamani, mahali pengine, hakuwa hivi. Alikuwa mkali. Siku moja alimkaripia mama mmoja mbele ya wodi kwa kumpa mtoto juisi nyekundu, mpaka yule mama akalia. Mama mwingine alikuwa kitanda cha pembeni, anasikia. Kesho yake mtoto wa huyu wa pembeni akatapika nyekundu. "Nikamuuliza amempa nini. Akasema hakuna. Aliniogopa. Tukamwamini, tukamwongeza damu."

Nilijua kilichofuata, sikumuuliza. Nilimuuliza tu kama yule mama aliwahi kujua.

"Alikuja kuniambia baada ya mazishi kwamba alimpa. Akaniuliza kama ndiyo ilimuua. Nikamwambia hapana, mama, siku yake ilikuwa imefika." Akachukua kalamu. "Nilitaka kumhurumia. Lakini mimi pia nilikuwa naogopa asije kuniuliza kwa nini alishindwa kuniambia. Hilo silali nalo vizuri, nyanya."

Nikambusu mkono kama anavyobusiwa mtu mkubwa, na yeye ni rika la mwanangu wa mwisho, nikatoka.

Binti yangu alikuwa amekaa kitandani anamvalisha mtoto viatu. Nikafunga pazia. Nikamwambia yote, tangu sokoni mpaka dirishani, kwamba alichotapika mtoto nilimpa mimi, kwamba walikuwa karibu kumtia damu isiyofaa na mimi nimesimama pale na kikapu, nimenyamaza.

Hakuinua uso. Alifunga kamba ya kiatu cha kwanza, akaanza cha pili.

"Huyu aliniambia mwenyewe Jumamosi," akasema. "Alisema ni siri yenu."

Nikakaa kitandani. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

"Na kama nisingekuambia?"

Akamshusha mtoto sakafuni, akamnyoosha gauni.

"Leo ningeondoka naye, mama," akasema. Kisha akanipa mkono wa mtoto niushike, tukatoka.